Bunduki Ndani ya Mbeleko

Wifi yangu Kristiana hapendi kusifiwa. Ukimsifia mbele yake ananuna, anaondoka kwenda kuchochea moto usiohitaji kuchochewa. Kwa hiyo ninamsifia hapa, ambapo hawezi kunizuia.

Aliolewa na kaka yangu Kasmir, akaja kuishi Milanzi, akazaa, akafiwa na mume. Ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mtu kuruhusiwa kuuza alichonacho, hakukaa chini kulia. Alikusanya wanawake sita, mimi nikiwamo, tukawa tunateremka kwa miguu ukingo wa milima ya Lyamba lya Mfipa hadi kule bondeni kwenye Ziwa Rukwa. Tulipeleka maharage na ulezi, tukarudi na mchele na samaki wakavu. Njiani tulilala porini, tukapika kwa zamu na kuamka migongo ikiuma.

Shida yetu ilikuwa na jina, na jina lenyewe ni Cornelius. Huyu ni kaka yangu wa tumbo moja, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Kasmir alipofariki, ukoo ulimpa Cornelius bunduki ya marehemu, shotgani ya mitutu miwili, leseni ikahamishiwa kwake. Tangu siku hiyo akajitangaza mlinzi wetu. Wanawake hawateremki bila bunduki, alisema, na bunduki ninayo mimi. Alitangulia bila mzigo, sisi nyuma na viroba kichwani. Tukirudi, kila mmoja alimpimia mchele, na kipimo alikichagua yeye. Akiwa na mafua, hakuna safari. Akiwa na pombe, hakuna safari.

Halafu kuna suala la kanga. Akipiga kanga jioni, sisi tunanyonyoa, sisi tunapika, yeye amekaa juu ya jiwe anangoja firigisi. Mnajua wenyewe kwamba firigisi ni ya baba. Mwanamke akiidokoa jikoni, ataitwa mlafi mpaka anazeeka. Nilikuwa nimepika kuku tangu nikiwa msichana na sikujua ladha ya firigisi. Cornelius aliitafuna polepole huku akitutazama, na hilo liliniudhi kuliko ule mchele.

Mwaka mmoja, mpunga wa bondeni ukiwa umeshavunwa, alitwambia msimu huo anataka kipimo maradufu, la sivyo tukae nyumbani. Tuligeuka kumtazama Kristiana.

"Shemeji, wewe pumzika," alisema kwa upole kabisa. "Nitaomba leseni ya bunduki yangu mwenyewe."

Cornelius alicheka mpaka akashika ukuta.

Maombi yalipitia kamati ya ulinzi ya kata. Mwenyekiti, Mzee Wilibrodi, alimuuliza kama ataiweza.

"Mwenyekiti, tulipitia mgambo pamoja," alijibu Kristiana. "Unakumbuka nani alipewa sabuni ya zawadi siku ya shabaha."

Wilibrodi alikumbuka, maana alikohoa. Kamati ikaamua hivi: achague bunduki anayoitaka, kisha aonyeshe mbele ya afisa wa polisi kwamba anaweza kuibeba na kuitumia. Akishindwa, maombi yamekufa. Na yakifa, sisi sote tunabaki chini ya Cornelius. Usingizi ulinipungua.

Tulikwenda kwa Mzee Polikarp, aliyekuwa bwana nyama, afisa wa wanyamapori, kabla ya kustaafu, na sasa alikuwa na kibali cha kuuza silaha. Aliweka tatu mezani: shotgani, raifo kubwa, na kibunduki kimoja chembamba ambacho nilidhani ni cha kuchezea watoto.

Kristiana hakugusa hata moja. Alitoka nje, akaingia na kiroba cha mchele alichokuja nacho kutoka nyumbani, akajitwika.

"Sasa nipe moja moja," alisema.

Ya kwanza ilimteleza begani. Kila alipoinua mkono kushika kiroba, mkanda ulishuka. Akasema pia kwamba shotgani inajaza nyama vyuma, na meno aliyobakiwa nayo bado anayahitaji. Raifo kubwa aliirudisha haraka zaidi.

"Hii nikimpigia kanga, tutakula nini? Manyoya?"

Ndipo Polikarp akakishika kile kidogo, kile wanachokiita pointi tuu-tuu, yaani .22. Akalegeza skrubu moja chini, akazungusha, na bunduki ikaachana vipande viwili, mtutu huku na kitako huku, kila kimoja hakizidi mkono wangu. Risasi zake ni ndogo hata ukijaza mfuko wa gauni husikii uzito. Kristiana alifungua mbeleko yake, akaweka vipande viwili katikati, akavifunga mgongoni. Kisha akatembea dukani na kiroba kichwani, mikono yote miwili huru.

"Nikuambie ukweli, mama," Polikarp alisema. "Hii haimzuii chui."

"Chui hatumfuati, mzee. Tunafuata mchele. Chui atatukuta wengi, tuna moto na tuna kelele. Ninachotaka kujua ni kimoja. Ukiifungua na kuifunga tena, bado inapiga palepale?"

Polikarp alitabasamu na kusema hilo litaonekana siku ya shabaha, na kabla ya hapo akamfundisha kuifunga na kuifungua mpaka vidole vikazoea.

Siku yenyewe tulikusanyika kwenye machimbo ya kokoto. Polikarp alileta kile kibunduki na kupanga magunzi juu ya kichuguu. Cornelius naye alikuja na shotgani yake.

"Mpaka aunganishe vipande vyake, fisi ameshashiba," alimwambia afisa. "Mimi yangu iko tayari saa zote."

Afisa alikuwa kijana mtaratibu. Alimtazama, akawatazama wanawake na viroba vyao.

"Basi njooni wote wawili kutoka kule chini," alisema. "Na mizigo. Si ndivyo mnavyosafiri?"

Jamani, natamani mngekuwepo. Kaka yangu hakuwahi kujitwika hata ndoo. Kiroba kilimyumbisha, mkanda ukamteleza mpaka kiwikoni, mitutu ikanasa kwenye vichaka, na alipovuta, kiroba kikaanguka na kupasuka. Akapiga magoti kuokota mchele. Huku Kristiana alikuwa ameshafika juu. Alitua mzigo, akavuta mbeleko mbele, akaunganisha, akakaza, akaweka risasi. Gunzi la kwanza likaruka. Akaifungua, akaifunga tena bila haraka, akapiga. La pili likaruka. Afisa hakungoja la tatu.

"Mama, hiyo hiyo ndiyo uandikishe," alisema.

Tulipiga vigelegele mpaka wavunja kokoto wakaacha nyundo zao. Mimi nililia waziwazi, na sioni haya kusema.

Leseni ilipotoka tuliteremka wenyewe, saba, bila mtu wa kutangulia. Jioni ya kwanza kundi la kanga lilitua karibu na mto, Kristiana akafungua mbeleko, akaangusha mmoja kwa risasi moja. Tulinyonyoa, tukapika. Ilipoiva, Getruda, mdogo wetu kuliko wote, aliitoa firigisi kwenye chungu, akabaki nayo kwenye kijiko. Alitazama lile jiwe ambalo Cornelius alizoea kukalia. Hakujua ampe nani.

Kristiana alichukua kisu, akaiweka juu ya mfuniko, akaikata vipande saba. Vilikuwa vidogo mno. Kila mmoja akatia chake mdomoni na kutafuna, tukitazamana.

"Ndiyo hii tu?" aliuliza Getruda.

"Ndiyo hii tu," alijibu Kristiana.

Tulicheka mpaka moto ukaanza kufifia, na hakuna aliyekumbuka kuongeza kuni.