Korido ya Wodi ya Wazazi

Siku hizo nilikuwa najiona mjanja. Ramani zangu zote zilikuwa ndani ya laptopu, na nikimwona mchoraji mwenzangu amebeba makaratasi namcheka. Bodaboda ilinitoa Tukuyu, tukaiacha lami pale Kyimo, tukapanda hadi kwenye zahanati moja ambako wanakijiji walikuwa wanajenga wodi ya wazazi kwa nguvu zao. Nikawakuta wamejaa na majembe, wananisubiri niwapimie msingi. Waliniita injinia. Mimi ni mchoraji tu.

Nikawasha laptopu. Programu ya kuchorea ikaniambia leseni inatakiwa kuhakikiwa, niunganishe mtandao. Mtandao gani, jamani, kule migombani? Nikapanda juu ya benchi, nikainua simu mpaka mkono ukafa ganzi. Hamna kitu. Nikaizima laptopu, nikaiwasha, nikaibembeleza kama mtoto. Maneno yaleyale! Nilitamani kuitupa korongoni.

"Injinia, mvua hiyo inakuja," mwenyekiti wa kijiji akasema. "Na kesho hawa wanakwenda kuchuma chai, siwapati tena."

Nilipaswa kusema sijui. Mbele ya watu wote wale, mdomo ukakataa. Nikataja vipimo kwa kichwa, kamba zikafungwa, chokaa ikamwagwa. Korido nikasema mita moja na robo.

Kufika Tukuyu mtandao ukashika, ramani ikafunguka. Mita moja na sentimita themanini. Mungu wangu! Mganga wa zahanati ndiye aliyeniomba niipanue, ili kitanda cha magurudumu kiweze kukata kona, na mimi nikawatajia kipimo cha zamani. Nikampigia mwenyekiti, hapatikani. Nikapiga mpaka chaji ikaisha.

Asubuhi nikarudi, kipande cha mwisho kwa mguu kwa sababu ya tope. Mafundi walishamwaga zege jana ileile, kuwahi mvua. Bibi mmoja akanishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru. Habari ya korido sikuwaambia. Niliogopa, basi.

Mwaka huu nimempeleka mke wangu palepale, uchungu umemshika. Kitanda kikagoma kwenye kona. Nesi, mgeni aliyehamia kutoka Singida, akakisukuma huku na huku, mwisho akamshusha atembee. Mke wangu alijikunja, analia, ameegemea ukuta.

"Huyu aliyechora hapa," nesi akafoka, "sijui alikuwa anawaza nini!"

"Hata mimi sijui, nesi," nikamjibu, nikamshika mke wangu kwapani.