Dakika Kumi Mbele

Nilipompa Kipara kazi ya kuandika programu ya kuunganisha teksi za mteja wangu, aliomba siku kumi. Nikambana hadi nne.

"Basi bosi, gari lisiloleta ishara muda mrefu programu italikata, na ukimya huo nitaupima kwa saa ya kawaida ya kompyuta. Ila mtu akiirekebisha, tumekwisha. Ingefaa kihesabu sekunde kisichoguswa, ila siku nne hazitoshi."

"Nani aiguse, bibi yako?"

Niliigusa mimi. Teksi zikiwa kazini, niliiona saa ya kompyuta imechelewa dakika kumi, nikaisogeza mbele. Programu ikadhani teksi zote zimenyamaza dakika kumi, ikazikata zote kwa mpigo.

Mbele ya mteja nikasema fundi kaharibu. Kipara alinitazama, akafunga kompyuta yake, akatoka.

Mkataba nilibaki nao. Yeye mjini hapa hapewi kazi tena, na programu yake hakuna mwingine anayeielewa.