Ushuhuda Niliotoa Dhidi ya Mama Awino

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa pale mtaa wa Kaloleni, hakuna mtoto aliyekula nje Mama Awino akipita. Ukimwona akitokea upande wa bomba la maji, unafunika sahani kwa kiganja na kukimbilia ndani. Ilisemekana ana macho. Mtu mwenye macho akikutazama unapokula, chakula hukugeukia tumboni na kukuua polepole. Yalikuwa mekundu kweli, macho hayo. Alikaanga samaki kutwa nzima juu ya moto wa kuni, ungetaka yawe rangi gani? Lakini hilo nalisema leo. Wakati ule nilimwogopa kama kifo.

Jioni moja alinikuta mlangoni na andazi mdomoni. Aliniangalia, akatabasamu, akapita. Siku tatu baadaye nilishikwa na homa na tumbo likaanza kunikata.

"Si nilikwambia usikule nje?" mama alilia. "Si nilikwambia?"

Alimleta bibi mmoja mganga wa kwetu magharibi. Akanisugua tumbo kwa samli, kisha akatuonyesha punje za wali na vipande vya dagaa alivyodai amevitoa humo. Kina mama wa kanisa nao wakaja wakakemea pepo. Mimi nikazidi kuungua. Zahanati haikutajwa kabisa. Ugonjwa wa macho hauchomwi sindano, walisema, ukiuchoma mtoto anakwenda.

Mama alikuwa na kibarua kiwandani, na kibarua hakina ruhusa ya kuuguza. Aliniachia chupa ya uji na kuondoka alfajiri. Asubuhi ya nne Mama Awino, ambaye chumba chake kilipakana na chetu, alinisikia nikilia kupitia ukuta, akasukuma mlango. Nikajifunika blanketi gubigubi.

"Usiogope, nyathina," alisema. Ndivyo Wajaluo wanavyomwita mtoto wao. "Sikuangalii. Ona, nimegeuka."

Nilichungulia. Kweli alikuwa ametazama ukuta. Kumbe alijua yote tuliyokuwa tukisema juu yake.

"Awino wangu aligonjeka hivi hivi," aliuambia ukuta. "Mimi pia niliambiwa nisimpeleke sindano, nikamzika. Wewe nitakupeleka."

Akanibeba mgongoni hadi zahanati. Homa ya matumbo, wakasema. Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi mama akishatoka, na tena kabla hajarudi, akininywesha dawa na uji huku uso kaupa ukuta, mkono ukipapasa kutafuta mdomo wangu. Mara nyingine uji uliishia shingoni, tukacheka. Kisha aliomba, maneno machache tu: "Baba, huyu ni wako. Mimi nimembeba tu." Siku moja nilijikuta nikiomba pamoja naye, na hofu yote ya kufa ikaniondoka. Nilimjua Mungu hapo, kwenye kitanda kilichonuka jasho na samaki. Nimehudhuria mikutano mingi ya injili tangu hapo, yenye vipaza sauti vya kupasua masikio, na sijawahi kumsikia karibu vile.

Mama hakujua. "Umalize dawa kwanza," Mama Awino alinionya. "Akijua ataimwaga."

Nilipopona, mama aliomba kanisani nipewe nafasi ya kutoa ushuhuda. Nami kwa furaha yangu ya kitoto nikamwalika Mama Awino aje kusikia. Niliapa moyoni kwamba nitamtaja, nitasema yote.

"Haya Nekesa," mchungaji akaniuliza mbele ya watu, "Bwana amekutendea nini?"

Mama Awino alikuwa benchi la mwisho, kitambaa cheupe kichwani, akitazama sakafu ili asimtie mtu hofu. Mkono wa mama ulikuwa begani mwangu, na vidole vilikuwa vimekaza. Nikafungua mdomo, yakatoka yale niliyofundishwa nyumbani asubuhi ile.

"Mama Awino alinitupia macho, Yesu akanifungua."

"Haleluya!" Kanisa zima likageuka nyuma. Ndipo akainua uso na kunitazama, mara ya kwanza tangu lile andazi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Akasimama, akatoka.

Baada ya hapo hakuna aliyenunua samaki wake. Mwezi haukuisha, akahama. Wengine walisema ameenda mtaa wa Lucky Summer, nami nilipokua nilimtafuta huko nyumba kwa nyumba bila kumpata. Siku nilipomwambia mama ukweli wote, alikuwa akichambua sukuma wiki. Hakuinua kichwa.

"Lakini si ulipona?" akasema.

Nilipona, ndiyo. Na imani sikuiacha, ingawa sijivunii. Kanisani kwetu mtaani Pipeline, ninakoishi sasa, wakiita watu wa ushuhuda, mimi hutazama sakafu, na wenzangu hudhani ni unyenyekevu. Mchungaji huniambia Mungu alishanisamehe zamani, nami naamini. Lakini si Mungu niliyemsingizia.