Mfupa Wangu na Mkanda wa Tata

Harufu ya ndizi mbivu zinazokamuliwa kwa nyasi bado hunifanya nijishike mkono wa kulia, pale karibu na bega. Wengine huwakumbusha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na harusi. Mimi hunikumbusha siku nilipovunjika mkono bila kuanguka, bila kupigwa, bila hata kukimbia.

Nilikuwa darasa la nne, nyumbani kwetu Buganguzi, wilayani Muleba. Nimepiga magoti mbele ya beseni, nafinya ndizi na nyasi ili juisi itoke, mara nikasikia kitu kikilia ko ndani ya mkono. Nilichungulia beseni kwanza, nikidhani nimevunja kijiti. Halafu maumivu yakafika, nikapiga ukunga. Mama alikuja mbio akaninyanyua. Bibi naye alikuja mbio, akaliondoa beseni lisije likamwagika, maana aliipenda sana ile juisi.

Majirani hawakuamini hata kidogo. Mtoto havunjiki kwa kukamua ndizi, walisema. Mmoja alidai nimeanguka kutoka kwenye mparachichi na naogopa kusema. Mwingine alimtazama kaka yangu kwa jicho baya, na maskini kaka akaapa mpaka sauti ikamkauka.

Aliyemwokoa kaka ni picha ya eksirei, hospitalini Bukoba. Ndani ya mfupa wangu kulikuwa na shimo lililojaa majimaji, na ganda la mfupa limebaki jembamba. Daktari wa mifupa, mama mmoja mpole, alisema si saratani, si ugonjwa wa kuambukiza, na watoto wengi hawajui kama wana shimo la namna hiyo mpaka wavunjike. Alinifunga mkono shingoni. Tungesubiri palipovunjika paunge, kisha nirudi nifanyiwe upasuaji.

Tata, yaani baba yangu, alielewa kwa namna yake. Miaka ile mnyauko ulikuwa umeingia kwenye kibanja chetu na kutuulia migomba mingi. Mkutanoni kijijini walifundishwa kwamba panga lipitishwe motoni kila baada ya kukata mgomba, mgomba mgonjwa ung'olewe wote, na machipukizi ya kupanda upya yatoke shamba safi, kamwe si lile lililougua. Tata aliyashika mafundisho hayo kama Sala ya Bwana. Alizunguka kibanjani na kopo la makaa ya moto, na mama akitaka jani moja tu la kufunikia sufuria, kisu chake kilikaguliwa kwanza.

Mimi nilichokishika katika mafundisho yale ni kimoja tu, kwamba mgomba mgonjwa hung'olewa wote. Kila Tata alipopita na panga, niligeukia ukuta ili asiuone mkono wangu. Niliupenda mkono ule. Ndio niliokuwa nikiandikia na kuchezea rede.

Siku ya kurudi ilipokaribia, tulifikia Kashai, hapo Bukoba mjini, kwa shangazi, katika chumba chake cha kupanga. Asubuhi Tata akavaa koti lake la uzee wa kanisa, tukaenda kumwona daktari. Kabla hata ya kukaa vizuri, Tata aliuliza kama visu vinapitishwa motoni. Daktari akamweleza kuwa vinachemshwa kwa mvuke mkali sana. Tata akaitikia kwa kichwa, kama bwana shamba aliyeridhika.

"Na mkono, waitu, unabaki?" aliuliza, kwa lile neno letu la kusihi kwa heshima.

"Unabaki, baba."

Nilishusha pumzi nilizokuwa nimezishikilia tangu Muleba. Daktari akaendelea kueleza. Angepasua, akwangue lile shimo mpaka liwe safi, kisha alijaze kwa vipande vidogo vya mfupa vitakavyotolewa kwenye nyonga yangu. Tata alikuwa akifuata vizuri mpaka hapo kwenye nyonga. Akatikisa kichwa.

"Hapana, waitu daktari. Mbegu haichukuliwi kwenye kibanja kilichougua."

Daktari alimkodolea macho, nadhani akijiuliza ni somo gani alilokosa chuoni. Tata akasimama, akafungua mkanda wa suruali, akanipa mimi niushike. Akaishusha suruali kidogo upande mmoja, akaupigapiga mfupa wake wa nyonga mbele ya daktari.

"Chukua huku. Huku hakujaingia kitu."

Nesi aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika. Mimi, binti wa mzee wa kanisa, nimeshika mkanda kwa mkono mzima, niliomba ule mwingine uvunjike tena ili watu wapate kingine cha kutazama.

Daktari hakucheka. Alimweleza taratibu kwamba mfupa wa mtoto mwenyewe ndio unaoshika vizuri zaidi, na kwamba shimo lilikuwa mahali pamoja tu, kwingine kote nilikuwa mzima. Tata aliuliza kama ana hakika. Akauliza tena. Mwishowe alichukua mkanda wake, akaufunga polepole, akasema sawa, lakini wakiona mfupa umepungua, yeye yupo pale nje kwenye benchi.

Haukupungua. Niliamka na maumivu mawili badala ya moja, nikiwa na hasira na kila mtu, na miezi ikapita, mfupa ukajaa. Hadi leo ndio mkono ninaobebea ndoo.

Kisa cha mkanda kiligeuka kichekesho cha ukoo. Kilisimuliwa kwenye harusi yangu, Tata mwenyewe akicheka mpaka machozi, na mimi nimekisimulia mara nyingi ili watu wacheke. Mwaka jana mwanangu alilazwa, nikamshika wakati nesi akimtafuta mshipa kwa sindano, na mshipa haupatikani. Nilijikuta nimekunja mkono wa gauni, nimeuweka mkono wangu mbele ya nesi. Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Hapo nilimkumbuka Tata kwa namna nyingine.

Siku ile aliuliza kuhusu moto, akauliza kuhusu mkono, akabishana kuhusu mbegu. Hakuuliza kama kukatwa nyonga yake kungemuuma.