Iqra na Saumu ya Mama Yake

Mwaka 2013, Iqra alikuwa na kiu ya sauti ya mama yake. Mama mwenyewe alikuwepo, amelala mkekani katika chumba chao cha udongo kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, lakini maneno yalikuwa yamemtangulia kuondoka.

Kwa miaka mingi mama huyo, Aisho, aliuza chai ya maziwa kando ya barabara iendayo Lokichoggio. Madereva wa malori walisimama pale kwa ajili ya chai, na pia kwa ajili ya kusutwa. "Na kitambi hicho, sukari ya nini tena?" angemwambia mtu, na mtu angecheka, kisha angeongeza kikombe. Iqra alikulia katika kelele hizo. Hata alipoolewa na Jama, dereva aliyeonekana nyumbani kwa kupita tu, hakuona upweke.

Kisha mama akaugua ini. Hospitalini Lodwar, daktari alimvuta Iqra kando akamweleza kwamba saratani imeenea. Amrudishe mama nyumbani, huko atatulizwa maumivu. Wajomba walipopigiwa simu walikuwa na neno moja: asiambiwe. Kwao, kumwambia mgonjwa hatapona ni kumkatisha tamaa ya rehema za Mungu.

Basi Iqra akawa mwuguzi, akawa pia bawabu wa maneno. Nesi Wahu alipofika kutoka Lodwar na chupa ya mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, Iqra ndiye aliyetafsiri. Wahu akisema, "Mwambie tunataka astarehe siku zilizobaki," Iqra aligeuka na kusema kwa Kisomali, "Anasema unaendelea vizuri."

Ramadhani ikaingia na jua lake. Aisho akasema atafunga.

"Hooyo, wewe mgonjwa. Utalipa ukipona," Iqra alimsihi, akimwita mama kwa lugha yao.

Mama alimtazama, akageukia ukuta. Tangu siku hiyo alikubali dawa wakati wa kufuturu na wa daku tu. Mchana kutwa aliuma pindo la shuka. Iqra alimpepea kwa kipande cha boksi, akamwomba azungumze, angalau amgombeze. Kimya. Nesi hakuambiwa; Iqra aliogopa kuamriwa amlazimishe mama kuacha saumu.

Siku moja Wahu aliinua chupa kwenye mwanga wa mlango.

"Dawa imebaki nyingi. Anakunywa kweli?"

"Anakunywa."

"Na wewe, Iqra, unalala?"

Tangu ugonjwa uanze, hilo hakuna aliyemuuliza. Iqra aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia, akasema yote: saumu, wajomba, tafsiri zake. Wahu alikuwa mtu wa kanisa, hakujua hukumu za saumu, wala hakujifanya anazijua.

"Tumuulize mwenyewe anataka nini," alisema.

"Hapana! Utamuua."

"Nyinyi wawili!" Sauti ilitoka mkekani, kwa Kiswahili cha barabarani. "Mnafikiri dereva nilikuwa nauzia chai kwa ishara ya mkono? Kila siku mnaongea hapo mlango. Nasikia."

Kisha akamgeukia binti yake kwa Kisomali, polepole, kwa vituo.

"Atakayepona hulipa siku zake baadaye. Mimi nitalipa lini? Kaburini? Asiye na tamaa ya kupona hulisha maskini kwa kila siku asiyofunga, akawa huru. Lakini nani angenilishia, nanyi nyote mnasema napona? Nilikungoja wewe useme."

Iqra alishika miguu ya mama yake. Ilikuwa myepesi kama kuni za jangwani.

"Hooyo," alisema, "hutapona."

"Alhamdulillahi. Sasa leta hiyo dawa."

Kuanzia hapo, kila siku Iqra alipika sahani ya wali na maharagwe, akaipeleka kwa mjane ambaye Aisho mwenyewe alimchagua. Wahu alimfundisha jinsi ya kumgeuza mama bila kumwumiza na kumlowesha midomo, na kila alipokuja, akishamaliza na mgonjwa, alimgeukia mwuguzaji: "Haya, na wewe?" Wajomba walinuna kwenye simu. Aisho akaomba simu apewe yeye, wakanyamaza.

Mchana, dawa ikishatulia mwilini, mama alizungumza. Alisimulia kisima cha kwao Baidoa, nchini Somalia, na jinsi alivyomkataa mchumba mmoja kabla ya baba yake Iqra, kwa kuwa mwanamume huyo alitembea kama ngamia mwenye mwiba. Alisema nani amwoshe akifa. Alicheka, akachoka, akalala.

Alifariki kabla ya Idi, mkono wake ndani ya mkono wa Iqra.

Watu husema Iqra alipata kumuaga mama yake, na ni kweli. Lakini alasiri ya mwisho mama alianza kusimulia habari za dada yake mwenyewe, wa mama mmoja, aliyebaki njiani walipokuwa wakikimbia vita. Alisema msichana huyo alijua kuimba, kisha usingizi ukamchukua kabla ya kumtaja jina. Iqra alimwacha apumzike, akisema moyoni atauliza kesho. Amewauliza wajomba, ambao ni ndugu wa mama kwa baba tu na hawakulelewa pamoja na msichana huyo, amewauliza wazee wa Baidoa waliopo Kakuma. Hakuna anayelijua.