Mlango wa Nyuma wa Mwene

Kwa miaka thelathini na moja Urbano, fundi mwashi mstaafu wa kijiji cha Kate, alikuwa akieleza kwamba ikulu ya zamani ya mwene, mtawala wa jadi, ilikuwa na mlango wa nyuma. Babu yake ndiye aliyeujenga, kisha akaamriwa auzibe kwa mawe. Kwa nini? Hapo Urbano alikuwa akikohoa na kuulizia habari za mahindi.

Sasa ilikuwa imefika barua. Alhamisi atakuja afisa wa mambo ya kale. Asipoona cha maana, magofu yavunjwe, matofali yakajenge darasa. Alhamisi hiyo Urbano alinyoa ndevu mara mbili.

Alipofika kwenye magofu alikuta wanawake wa jumuiya ya kanisa wamemtangulia. Ukuta wote wa nyuma ulikuwa umekandikwa udongo mbichi, laini, unang'aa.

"Mama Zita, mmefanya nini?"

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba. Mmefanya nini?"

"Mgeni anakuja. Ulitaka aikute nyumba ya mwene imechakaa, atucheke?"

Mgeni hukandikiwa nyumba. Nani angewaza kwamba huyu amesafiri kuja kutazama uchakavu?

Saa nne Felisian, yule afisa, alishuka kwenye bodaboda, akautazama ukuta, akalitazama daftari lake.

"Shikamoo mzee. Sasa hapa niandike nini? Nyumba mpya?"

"Marahaba. Andika mlango."

"Uko wapi?"

"Hapo."

"Hapo naona udongo."

"Hata mimi."

Felisian alikuwa ameshafunga daftari Urbano alipomshika mkono. Jua la kiangazi na upepo vilikuwa vimeanza kazi. Udongo uliokandikwa juu ya matofali ulikuwa unakauka na kuwa mweupe. Katikati palibaki peusi. Jiwe halinywi maji. Fundi yeyote analijua hilo.

"Kaa, mwanangu. Kunywa togwa. Usiondoke."

Weusi ule ukajichora taratibu: mstari umesimama huku, mwingine kule, kisha juu ukapinda. Wanawake wakasogea karibu. Moyo wa Urbano ulikuwa unadunda kama wa bwana harusi.

Felisian alitoa futi kamba, akapima. "Mita moja na nusu. Mbona mfupi hivi? Mwene alikuwa anapitaje?"

"Alikuwa anainama," Urbano akasema. "Mara moja tu. Kesho yake ukazibwa."

"Kwa hiyo babu yako..."

"Alikosea kipimo. Andika hivyo hivyo."