Aya ya Tatu ya Tahariri ya Nkwabi

Mume wangu Nkwabi, ukimuuliza bei ya mpunga hapa Kagongwa, atakuanzia Msumbiji. Ndivyo alivyo. Kila harusi, kila msiba, lazima awasimulie watu tahariri yake ya mwaka 1975, alipokuwa mhariri wa gazeti la chuo cha ualimu. Eti aliwapongeza Wamsumbiji kwa uhuru wao, kisha akauliza kwa nini watu wa kijijini kwao walihamishiwa vijiji vya ujamaa kwa nguvu mahindi yakiwa bado shambani. "Na hakuna aliyethubutu kunigusa," humalizia, kidevu juu. Hapo mimi huinuka nikaangalie sufuria.

Nina sababu. Gazeti lile nililipiga taipu mimi. Nilikuwa karani wa chuo, miaka kumi na tisa, nakata stensili, zile karatasi za nta za kurudufia, wanafunzi wanazungusha mashine mpaka mikono inakuwa myeusi. Nkwabi alinikabidhi maandishi yake asubuhi, akapanda lori kwenda Ushirombo kwa mazoezi ya kufundisha. Aliporudi baada ya wiki sita, hata nakala moja haikuwa imebaki. Alichokuta ni sifa tu.

Mwezi uliopita chuo kikapiga simu. Wameokota nakala stoo, wanamwomba Mwalimu Nkwabi akaisome siku ya mahafali. Binti yetu Violeth akatumiwa picha ya nakala hiyo kwenye simu, akaichapa kwenye karatasi. Mzee alifurahi mpaka nikaogopa. Ila ana mtoto wa jicho, hasomi tena.

"Mama Violeth, nisomee niikariri."

Nikasoma. Msumbiji, sawa. Umoja wa Afrika, sawa. Nikafika mwisho.

"Umeruka," akasema. "Mahindi yako wapi?"

"Hayapo. Aya ya tatu yote niliiacha mwenyewe nilipokuwa nakata stensili. Mkuu wa chuo alikuwa ameshawafukuza wanafunzi wawili kwa maneno madogo kuliko yale."

Jamani, yule mzee alisukuma sahani. Ugali wake hakuugusa. Niliona aibu, na hasira nayo ikanipanda, maana nani alimtuma ajisifu nusu karne nzima? Asubuhi akasema taratibu, "Kumbe hawakunigusa kwa sababu sikusema kitu."

Iliniuma sana. Nikamwambia basi asiende.

"Nitaenda, na nitawaambia ilivyokuwa. Chukua kalamu."

Akanitajia aya ya tatu yote, pamoja na majina ya familia saba na mashamba waliyoyaacha. Hakukwama hata mara moja. Mimi naandika huku najifuta machozi kwa kanga.

"Ingekuwa leo, ungeiacha tena?" akaniuliza.

"Ningeiacha."

"Hata baada ya kuniona hivi?"

"Baba Violeth, wale wawili walifukuzwa, hatukuwaona tena. Mimi nilitaka wewe urudi kutoka Ushirombo unikute."